Nyumba ya mpito kwa wanaotoka gerezani: jinsi ya kuianzisha na kuiendesha Dodoma

Nyumba ya mpito ni makao ya muda, kwa kawaida miezi mitatu hadi sita, ya mtu anayemaliza kifungo na hana pa kufikia, au kwao kupo lakini kurudi siku hiyohiyo kutazua makubwa. Anayeingia humo anatakiwa aondoke na mambo manne mkononi: karatasi zake, matibabu yasiyokatika, kipato hata kiwe kidogo, na mlango mwingine ulio tayari kumpokea, uwe wa chumba cha kupanga au wa nyumba ya ndugu. Mwongozo huu ni kwa vikundi, parokia, misikiti na asasi za Dodoma na mikoa jirani zinazofikiria kazi hii. Wengi huanza kwa kutafuta nyumba. Ninyi anzeni gerezani.

Miezi mitatu kabla ya lango

Kwanza ni ruhusa. Barua iende kwa Kamishna Jenerali wa Magereza kupitia kwa Mkuu wa Magereza wa Mkoa, na nakala kwa mkuu wa gereza mnalolikusudia: Isanga au Msalato kwa walio mjini, Kongwa, au King'ang'a kule Kondoa. Ukurasa mmoja unatosha. Semeni ninyi ni nani na mmesajiliwa wapi, mna vitanda vingapi, na mnaomba kuonana na wafungwa waliobakiza siku ngapi. Wiki hiyohiyo mfikieni afisa ustawi wa jamii na afisa wa huduma za uangalizi, anayesimamia wanaotumikia adhabu nje ya gereza, maana hao ndio watakaoulizwa maoni yao juu yenu hata kama hamkuwaambia.

Ruhusa ikija, ombeni majina ya waliobakiza siku 90. Hapa vikundi vingi hukosea hesabu. Sheria ya Magereza ya 1967 inampa mfungwa mwenye nidhamu punguzo la theluthi moja ya kifungo, kwa hiyo aliyehukumiwa miaka sita kwa kawaida anatoka baada ya minne. Ulizeni tarehe ya mapema kabisa ya kutoka, iliyo kwenye kumbukumbu za gereza. Mkihesabu kwa miaka iliyotajwa mahakamani, mtafika langoni mwenzenu ameshaondoka zamani.

Kuna pia wanaotoka bila kutarajiwa. Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kusamehe, na misamaha mingi hutangazwa karibu na Muungano, 26 Aprili, na Uhuru, 9 Desemba. Watu hutoka wengi kwa mpigo na hakuna aliyepata siku 90 za kujiandaa. Wekeni vitanda viwili vitupu kuanzia katikati ya Aprili na mwanzo wa Desemba, hata kama kuna anayevililia. Aliyetoka kwa parole, chini ya sheria ya mwaka 1994, ni habari nyingine kabisa: huyo bado anatumikia kifungo chake, ila akiwa nje. Masharti yake yapo kwa maandishi na akiyavunja anaweza kurudishwa ndani. Someni masharti hayo pamoja naye kabla hamjampangia kazi ya mbali, kwa sababu kuhama eneo bila kibali kunaweza kumgharimu.

Mahojiano ya kwanza yachukue saa nzima, na wafungwa wengine wasiwe karibu. Maswali yenye faida ni machache. Nani atakupokea, na mara ya mwisho mlionana lini? Aliyeumizwa na kosa lako anaishi wapi sasa? Unatumia dawa gani? Ulikamatwa ukiwa na karatasi gani, na ziko wapi? Mikono yako inajua kazi gani? Unamwogopa nani? Msimlazimishe asimulie kosa. Aina ya kosa na namba ya kesi mtazipata kwenye kumbukumbu za gereza, na zikibaki kwenye jalada lililofungwa mtamlinda yeye na kuwalinda wenzake.

Nyumba ya watu wanane au kumi haiwezi kumpokea kila mtu, na kusema hivyo mapema ni heshima. Aliye chini ya miaka 18 ni wa ustawi wa jamii. Mwanamke asilale nyumba moja na wanaume, hata kwa usiku mmoja wa dharura. Tafuteni familia au nyumba ya masista. Aliyetoka Taasisi ya Isanga (ya wagonjwa wa akili waliotenda makosa, siyo Gereza la Isanga) baada ya matibabu apokewe tu kama Hospitali ya Mirembe imeandika dozi yake na tarehe ya kliniki inayofuata. Aliyedhuru watoto hawezi kukaa nyumba inayopakana na shule, hata awe amebadilika namna gani.

Karatasi

Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka anayetoka apate hati na vitambulisho, mahali pa kuishi, kazi na nguo zinazofaa. Kwa Dodoma hayo yote yamefungwa kwenye mnyororo mmoja unaoanzia NIDA, Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa. Bila namba ya NIDA hasajiliwi laini ya simu kwa alama za vidole. Bila laini hana akaunti ya pesa kwenye simu, na fundi au mwenye shamba anayelipa kwa simu atamlipa kwa namba ya mtu mwingine. Pesa ikishapita kwa mtu mwingine, ugomvi wa kwanza ndani ya nyumba mnao tayari.

Kwa hiyo, akiwa bado ndani, andikeni majina yake matatu kama yalivyo kwenye hati ya mahakama na mlinganishe na anayoyatumia kwao. Tofauti ya herufi moja, Mazengo au Mazengu, inatosha kumrudisha dirishani mara tatu. Mwenye cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki ya utotoni au cheti cha shule, ndugu wakitafute. Asiye na chochote aandaliwe barua ya utambulisho kutoka serikali ya kijiji alikozaliwa, yenye mhuri na picha. Jambo la kuangalia: aliyepasua kokoto au kulima kwa jembe miaka mingi huwa alama za vidole zimesagika, na mashine inamkataa. Apake mafuta ya mgando mikononi kila usiku kwa wiki mbili na asishike saruji siku tatu kabla ya kwenda. Mashine ikikataa tena, aombe vidole vingine vijaribiwe.

Siku ya kutoka asiondoke bila karatasi ya kuachiwa na vitu vyake vilivyohifadhiwa: simu, pochi, fedha, kitambulisho. Tengenezeni nakala mbili za karatasi ya kuachiwa siku hiyohiyo. Halisi ibaki kwake. Nyumba inayomfungia mtu karatasi zake kabatini imeanza kumfunga upya.

Nyumba yenyewe

Watu wanane ni idadi nzuri, kumi ndio mwisho. Wakizidi hapo inabidi kuwe na foleni na filimbi, na gereza linakuwa limehamia mtaani. Tafuteni vyumba vya futi 10 kwa 12, watu wawili kila kimoja, vitanda vya futi mbili na nusu kwa sita visivyopandiana. Kila mtu apate sanduku la bati lenye kufuli yake. Choo kimoja kwa watu watano, bafu likiwa kando. Chumba cha mlezi, yaani msimamizi anayelala humo na wakazi, kiwe karibu na mlango wa mbele, kisiwe katikati ya vyumba vya wengine.

Maji ndiyo yanayowaumbua wengi Dodoma. Hesabuni lita 40 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupika, kuoga na kufua. Watu kumi ni lita 400, kwa hiyo simtanki la lita 2,000 linawafikisha siku tano za mgao wa maji, na la lita 3,000 linavuka wiki. Likae juu ya msingi wa tofali uliojengwa kwa saruji. Likiwekwa juu ya udongo mtupu, mvua za Desemba zitaulainisha na tanki litainama mpaka bomba likatike.

Kati ya Juni na Julai Dodoma kuna baridi na upepo usiokoma. Blanketi mbili kwa kila kitanda zinunuliwe mwezi Mei. Jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala kwa sababu yoyote: moshi wake usioonekana unaua waliolala, na aliyezoea kulala na watu thelathini wanaopashana joto ndiye wa kwanza kulibeba jiko ndani.

Eneo liwe na daladala na vibarua vya kufikiwa kwa miguu. Nzuguni, kwa mfano, kuna stendi kuu na Soko la Job Ndugai. Epukeni nyumba inayotazamana na kilabu cha pombe au iliyo ukutani na shule ya msingi. Mkataba wa pango uandikwe kwa jina la asasi, usiwe wa jina la mlezi, na utaje wazi matumizi ya nyumba. Mwenye nyumba akija kujua baadaye kwa kuambiwa na majirani, atawatoa katikati ya mwezi na watu kumi wasio na pa kwenda.

Majirani

Kwamba wakazi wenu wametoka gerezani ni jambo lisilofichika, na kulificha ndiko kunakoliharibu. Kabla ya kuhamia, nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, kisha ombeni dakika ishirini kwenye mkutano wa mtaa. Msiende na hotuba ya huruma. Nendeni na ahadi zinazopimika: wakazi hawazidi kumi, majina yao yataingia kwenye daftari la wakazi, mlango unafungwa saa 3 usiku, mlezi analala humo kila siku, namba ya simu ya kulalamika ni hii, na anayepiga atajibiwa siku hiyohiyo. Watauliza, "Wa mauaji wamo?" Jibuni kwamba makosa ya mtu hayatangazwi, ila kila aliyemo amemaliza kifungo au yuko chini ya uangalizi wa kisheria, na waliokataliwa wamekataliwa kwa vigezo hivi na hivi. Vigezo visomwe.

Msiweke kibao barabarani. Mtu anayetafuta kazi hawezi kuelekeza wenzake "pale kwenye nyumba ya wafungwa".

Saa 72 za kwanza

Mtu wenu awe langoni tangu saa 2 asubuhi, kwa sababu saa ya kuachiwa haina ahadi. Aje na nguo za kiraia za kipimo chake, kandambili au viatu, na nauli. Msipitie kijiweni wala kwa rafiki "kusalimia mara moja". Wanaopotea siku ya kwanza wengi wao hupotelea kati ya lango na nyumba.

Siku hiyo aoge, ale, apumzike, apige simu moja nyumbani. Basi. Wageni wasimjae. Usiku acheni taa ya koridoni ikiwaka. Aliyelala miaka katika mwanga na kelele hushtuka akikutana na giza na kimya, na wengine hutoka nje usiku wa manane bila nia yoyote mbaya. Siku ya pili ni kliniki. Anayetumia ARV aende na kadi yake ya CTC, kliniki ya huduma kwa wenye VVU, na fomu ya uhamisho, akiwa na dawa za mwezi mmoja kutoka gerezani. Aliye kwenye dozi ya kifua kikuu, ambayo kwa kawaida ni miezi sita, ahamishiwe kituo cha karibu kabla hajaruka hata siku moja, kwani dozi inayokatwa katikati huzaa ugonjwa usiosikia dawa. Yeyote mwenye kikohozi cha wiki mbili apimwe makohozi kabla ya kugawiwa mwenzake wa chumba.

Siku ya tatu aende serikali ya mtaa na mlezi, aandikishwe. Kisha mpeni shilingi 5,000 na orodha fupi ya mahitaji, aende Soko la Majengo peke yake, arudi na bidhaa na chenji. Zoezi hili dogo lina uzito. Kuna atakayerudi mikono mitupu kwa sababu bei zilimtisha na hakujua aanze na nani. Asikemewe, kesho yake aende tena na mwenzake.

Chakula na fedha

Kwa watu kumi wekeni unga kilo 5 kwa siku, maharage kilo 1.5, mboga za majani mafungu kumi, mafuta ya alizeti lita 12 kwa mwezi, sukari kilo 9, chumvi kilo 3. Kwa mwezi ni unga kilo 150 na maharage kilo 45. Nunueni mtama na uwele wakati wa mavuno, Mei na Juni, mhifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Januari hadi Machi ndiyo miezi bei inapopanda. Mlenda wa kukausha unasaidia sana miezi hiyo, na wengi waliozaliwa huku wataufurahia kuliko nyama.

Kila mwezi kuna gharama nne zisizosubiri: pango, chakula, posho ya mlezi, umeme na maji. Msifungue mlango kabla ya kuwa na fedha za gharama hizo za miezi sita benki. Nyumba iliyofunguliwa kwa michango ya harambee moja hufungwa mwezi wa nne, na wanaotupwa nje ni walewale waliokwisha kutupwa mara moja.

Mkazi akianza kupata pesa, mgawanyo wa mafungu matatu unafanya kazi vizuri: moja akiba, moja matumizi na familia, moja kuchangia chakula. Akiba ikae kwenye laini yake mwenyewe au benki, na mlezi aone salio kila Jumamosi bila kujua namba ya siri. Lengo la akiba lisiwe namba ya kubuni. Wenye nyumba wengi mjini hudai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Chukueni kodi hiyo, ongezeni godoro, jiko, ndoo mbili, sufuria, na chakula cha wiki mbili. Siku akiba itakapofika jumla hiyo ndiyo tarehe ya kuondoka.

Kazi

Vibarua vya kwanza viwe vya kulipwa siku hiyohiyo: saidia fundi kwenye ujenzi, kupakua mizigo sokoni, palizi kuanzia Januari, kupogoa na kuvuna zabibu Hombolo au Mvumi. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, hivyo anayekosa Februari na Machi anasubiri Agosti na Septemba. Aliyejifunza useremala au ushonaji gerezani bila cheti apelekwe VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, aulize kuhusu kurasimisha ujuzi. Atapimwa kwa anachojua kufanya.

Kuhusu kosa, mwajiri aambiwe ukweli kwa sentensi mbili na mhusika mwenyewe: nilifungwa, nimemaliza, naweza kazi hii. Mlezi asimtangulie kwenda kumsemea. Na mikopo ya halmashauri ya asilimia kumi, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, isubiri. Kwa kawaida hutolewa kwa vikundi, na mtu wa mpito akihama kabla ya marejesho kuisha anawaachia wenzake deni nalo jina lake linachafuka tena.

Unyapara

Unyapara, yaani mkazi mmoja kujifanya msimamizi wa wenzake kama gerezani, ndio huvunja nyumba nyingi, na hauonekani kwa mgeni. Aliyefika wa kwanza, au aliyekaa ndani miaka mingi kuliko wengine, anajikuta anagawa chakula, anachagua kitanda, anatuma wadogo maji. Hakuna aliyempa cheo, amekuja nacho. Kikiachwa wiki tatu kinakuwa sheria. Dawa yake ni taratibu za kawaida kabisa: zamu ya jikoni ya wiki kwa wiki isiyoruka mtu, upawa mmoja wa kipimo, mwenyekiti wa wakazi anayebadilika kila wiki nne, na mlezi anayekula chungu hichohicho. Mlezi naye asihesabu watu vitandani, wala asiite mtu kwa namba au kwa kosa lake.

Sheria za ndani zisizidi saba na ziandikwe ukutani. Gongo, bangi na silaha ni kuondoka. Kuchelewa kurudi ni onyo la maandishi. Onyo la tatu ni kikao na afisa wa ustawi. Ufunguo wa mlango apewe wiki ya pili. Msicheleweshe, maana mtu hujifunza kuaminiwa kwa kuaminiwa.

Kwao

Kurudi kijijini kwende kwa ngazi: simu kwanza, kisha ndugu mmoja aje kwenye nyumba, kisha alale kwao usiku mmoja, kisha wiki. Wakati yuko ndani huenda shamba limegawanywa, mke ameolewa, mzazi amezikwa bila yeye. Habari hizo azipate akiwa amekaa, kutoka kwa ndugu mzima, asizikute njiani. Kama aliyeumizwa anaishi kijiji hichohicho, mtendaji wa kijiji na wazee wa pande zote mbili wakae kwanza, na muumizwa aulizwe anataka nini. Akisema hataki kumwona, hilo ndilo jibu, na mpango wa makazi uhamie kijiji kingine. Mgogoro wa ardhi wapelekeeni wasaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua, na huduma yao ni bure.

Akishahama, mtembeleeni wiki ya kwanza, ya nne na ya kumi na mbili. Nendeni bila gari lenye maandishi. Angalieni sufuria kama inapikiwa, dawa kama zimebaki idadi inayotakiwa, na simu kama inapatikana. Akiomba kurudi kwenye nyumba ya mpito kabla ya siku 30 kupita, apokewe mara moja bila kikao, kwa siku 14, mjue nini kilikatika. Kitanda alichoacha kimwagiwe maji ya moto kwenye maungio yote, kunguni wasimkute anayefuata, na godoro lianikwe juani siku mbili.